Kisigino cha Pasta Timotheo

Kamba niliyowaachia pale ofisini, ile yenye fundo jekundu katikati, msiioshe. Najua kuna mmoja wenu msafi sana ambaye ameshaitazama kwa jicho baya. Ile rangi si uchafu. Ni udongo wa Kwa Vonza, wa Kibwezi na wa kwetu nyuma ya Kalamba, na kamba yenyewe imelowa na kukauka mara nyingi hata haivutiki tena. Kamba mpya hurefuka kidogo kila siku ikakudanganya. Hii ya kwangu ilimaliza kudanganya zamani.

Mmeniomba niandike habari za kazi kabla sijasahau. Vyeo sitavitaja, kwa sababu kila cheo nilichopata kilinisogeza karibu na meza, na mezani hakuna maji wala udongo. Mshahara nao niacheni. Mama watoto anaukumbuka vizuri kuliko mimi.

Niliingia kazini Kwa Vonza mwaka wa sitini na nne, na viatu vya kuazima. Kazi yetu ilikuwa kuzuia udongo usiende na mvua, kuchora matuta kwenye mashamba ya mteremko na kujenga silanga, yale mabwawa madogo ya udongo ambayo bila hayo Ukambani tungekuwa tunakunywa hadithi. Msimamizi wangu aliitwa Mzee Kilonzo. Alikuwa mtu mfupi, mkavu, mwenye kikopo cha ugoro mfuko wa shati, na aliwachukia mbuzi maisha yake yote kwa sababu mbuzi akiona ukuta mpya wa udongo lazima aupande. Alijifunza kuchimba matuta enzi za wakoloni, watu walipokuwa wakilazimishwa. Alisema alichimba kwa hasira miaka mingi mpaka siku moja akajikuta ameipenda kazi, na hilo lilimkasirisha zaidi.

Siku ya kwanza alinipa fimbo ya kupimia niisimamishe pale atakaponielekeza. Akaninyooshea mkono, nikaenda, nikaisimamisha juu ya kichuguu. Mimi nilidhani kichuguu ni ardhi kama ardhi nyingine. Mzee akasoma pima maji, akasoma tena, akafuta kioo kwa shati.

"Kijana," akasema, "leo umeleta muujiza. Maji imepanda mlima. Niite pasta aje aone?"

Wenzangu walinicheka mpaka Ijumaa.

Lakini ni mzee huyo aliyenifundisha kitu kimoja ambacho hakimo kwenye vitabu vyenu. Ukuta wa silanga hujengwa kwa tabaka. Unamwaga udongo wa mfinyanzi kimo cha shubiri moja, unaunyunyizia maji kidogo, unaukanyaga, ndipo unamwaga mwingine. Utajuaje kama umekanyagwa ukatosha? Unasimama juu yake, unaweka kisigino kimoja, unakiegemea kwa uzito wako wote na kukizungusha kidogo. Kikiacha alama ya kina cha ukucha, endelea. Kikizama, kanyaga tena. Mzee alisema kisigino hakina urafiki na mtu. "Maji haina dini," alikuwa akituambia. "Inatafuta tundu tu. Ikipata, imeenda."

Kwamba maji hayana dini nililiona kwa macho yangu Kibwezi, tulipotumwa kuchimba mifereji ya kunyweshea mashamba kutoka mtoni. Tulipopanga zamu za maji, wafanyabiashara wa asili ya pwani wakasema Ijumaa mchana ni ya msikiti. Wasabato wakasema Jumamosi hapana. Sisi wa Jumapili tukasema mnatujua. Nikaandika karatasi nzuri yenye mistari, kila mtu na siku yake takatifu. Kumbe mto haukusoma. Siku hizo tatu maji yaliteremka yenyewe mpaka shamba la mwisho, la mzee mmoja ambaye hakuwa na dini yoyote, na ndiye aliyekuwa na nyanya nzuri kuliko wote Kibwezi. Watu wa dini zote walizinunua.

Basi, mwanzoni mwa miaka ya sabini ukaja mwaka wa ukame, nami nikapewa silanga langu la kwanza la kujenga peke yangu. Nyuma ya Kalamba. Nyumbani. Wenzangu, katika kazi yetu hakuna adhabu kama kutumwa kwenu. Hakuna anayekuita fundi. Wote walikuona ukila udongo.

Shida ilikuwa kubwa, sitaifanyia mzaha. Mto ulikuwa mchanga mtupu. Akina mama walitoka alfajiri na madebe, wakafukua mchanga mpaka ukatoa maji ya rangi ya chai, wakarudi jua likiwa utosini. Mama yangu alikuwa mmoja wao, na mgongo wake ulikuwa umeanza kukataa. Nikapima bonde, nikapata mahali pazuri. Hesabu ilikuwa rahisi: ukuta ukiisha kabla ya mvua ya Novemba, maji yatakuwa umbali wa kuita mtu. Usipoisha, au ukiisha vibaya, utabomoka na kuteremka pamoja na mashamba yote ya chini. Silanga bovu ni baya kuliko kukosa silanga.

Wafanyakazi walikuwa akina mama. Kwetu kuna mwethya, kikundi cha majirani wanaosaidiana kazi kwa zamu, leo shambani kwako, kesho kwangu, na kazi ya mwethya huenda na nyimbo. Nyimbo zenyewe zilikuwa na shida moja, zilitaja waume za watu kwa majina. Kiongozi wa mwethya wa kwetu aliitwa Kalekye, mama mrefu mwenye filimbi shingoni na ulimi ambao hata chifu aliuzunguka. Akina mama wa kanisa letu walikuwa wamejitenga na kufanya kikundi chao, wakichimba kwa nyimbo za kitabuni. Kiongozi wao alikuwa mama yangu.

Hapa lazima niwaeleze. Mama jina lake la nyumbani ni Mbithe, na kabla ya kuitwa Rebeka alikuwa mchezaji ngoma. Si mchezaji wa kujazia mstari. Ile ngoma yetu ya mabega, yeye na Kalekye wakiwa wasichana walisimama uso kwa uso, na watu walitoka masoko matatu kuja kuwaona. Mabega ya Mama, niliambiwa, yalikuwa yakifika kabla yake. Alipobatizwa alivua shanga zake akampa Kalekye, akaacha kabisa. Mimi mwanawe sikuwahi kumwona akicheza hata jikoni. Shanga Kalekye alikuwa bado nazo, na alizivaa kazini.

Pasta wetu alikuwa Timotheo. Msimfanye kichekesho kwa haya nitakayosema. Aliokoka akiwa kijana, babake akamfukuza nyumbani na nguo za mwilini, kwa hiyo mpaka kati ya kanisa na dunia kwake haukuwa mafundisho ya darasani. Aliulipia. Alivaa viatu vyeusi vilivyong'aa hata mwaka ule wa vumbi, na alijua jina la kila mtoto. Alikuja kwangu kazi ilipoanza.

"Musyoki," akaniambia, "wewe ni mwanakwaya, utanielewa. Hawa mama zetu wametoka mbali. Wakichimba katikati ya filimbi na zile nyimbo, kesho watakuwa wanacheza, na keshokutwa ni kilumi, ngoma za kuombea mvua. Tufanyie upande wetu."

Nami, mwanakwaya wa sauti ya chini kabisa, nikakubali. Nikaugawa ukuta pande mbili kwa fundo jekundu la kamba ile ile mliyo nayo. Upande wa mashariki kanisa, upande wa magharibi Kalekye. Mzee Kilonzo alipopita kuniangalia alitazama lile fundo, akavuta ugoro, akapiga chafya.

"Silanga ina ukuta ngapi?" akaniuliza.

"Mmoja, Mzee."

"Haya. Mimi nilifikiri nimesahau kuhesabu."

Akaondoka. Ningemwelewa siku ile, msingekuwa mnasoma haya.

Sasa mnadhani upande wa kanisa ulichelewa. Mimi pia niliogopa hivyo. Nyimbo zetu zilikuja kutoka nchi za baridi na ziliimbwa taratibu. Jembe lilipanda na neno la kwanza, likakaa juu likingoja, likashuka karibu na amina. Ng'ambo, Kalekye akipuliza filimbi majembe yalishuka kama mvua ya mawe. Lakini mama zetu wa kanisa walifika mapema, hawakugombana, hawakusimama kumsikiliza Kalekye akimchambua mume wa mtu, na jioni marundo yalilingana. Nikafurahi. Niliandika kwenye kitabu changu cha kila siku kwamba kazi inaenda sawa pande zote.

Haikuwa inaenda sawa. Kuchimba si kukanyaga. Kwa kawaida tungepitisha ng'ombe juu ya ukuta, wakanyage wao, lakini ng'ombe wote walikuwa wamepelekwa mbali kutafuta majani. Upande wa Kalekye hawakusumbuka. Kila tabaka lilipomwagiwa maji, mama ishirini walipanda juu, filimbi ikalia, miguu ikashuka pamoja, wakaenda mbele na kurudi nyuma mpaka udongo ukawa mgumu kama sakafu ya posta. Upande wa kanisa walitazama jambo lile, wakaona ni nini, wakakataa. Walichukua migongo ya majembe na vipande vya mbao wakaupigapiga udongo polepole, kama mtu anayembembeleza mtoto mwenye homa.

Nilipima? Nilipima. Upande wa Kalekye niliegemea kisigino chote nikazunguka mara mbili, nikitafuta kosa. Upande wa pili Mama alikuwa amesimama pale na kitambaa chake cha kanisani kichwani, ananitazama. Nikapima kwa ncha ya kiatu. Nikasema, "Sawa." Hilo ndilo kosa kubwa la kazi yangu yote, na lilifanywa na mguu.

Oktoba, kabla ya wakati wake, ikanyesha mvua ya mchana mmoja. Si nyingi. Maji yalikusanyika mpaka magotini. Asubuhi tulikimbia wote kwenda kuona. Upande wa magharibi ulikuwa umesimama mkavu. Upande wa mashariki ulikuwa unatoa jasho. Vitone vilitokea mgongoni mwa ukuta, vikaungana vikawa kijito, kisha tukiwa tunatazama kipande cha upana wa mlango kikateleza, polepole, na maji yetu yakapita hapo yakaenda zake.

Kalekye hakuhitaji hata kufikiri. Wimbo ulitoka umekamilika. Alisema upande wa waliookoka unalia dhambi zake, na wenzake wakaitikia kwamba ulie tu, utasamehewa, lakini kiangazi hakisamehi. Waliimba wakicheka, kisha mmoja mmoja wakanyamaza, kwa sababu Mama alikuwa ameketi juu ya karai lililopinduliwa, na Mama haketi kazini.

Nilimwendea. Hakuniangalia.

"Musyoki, ulipima?"

"Nilipima, Mama."

"Kwa kisigino?"

Nilikuwa na miaka karibu thelathini, na kofia ya serikali kichwani, na nilitamani ule mto wa mchanga unimeze.

"Miezi miwili," akasema. "Miezi miwili tumebeba udongo hapa. Mgongo wangu huu. Na wewe ulijua, ukanihurumia." Akainuka, akakung'uta sketi. "Usinihurumie tena."

Mzee Kilonzo alifika siku ya tatu, na Pasta Timotheo akaitwa kwa sababu upande ulikuwa wake. Mzee alitembea juu ya ukuta wa mashariki, kisha akamwomba Pasta apande.

"Pasta, niwekee kisigino hapo. Egemea. Zunguka kidogo."

Pasta aliweka kiatu chake cheusi, akaegemea, akazunguka. Kiatu kiliingia mpaka soksi. Alipovuta mguu, mguu ulikuja na kiatu kikabaki. Hakuna aliyecheka, na nawahakikishia kwamba kutocheka kule kulikuwa kazi nzito kuliko kuchimba. Mzee Kilonzo akamshika mkono akamwongoza, kiatu kimoja na soksi moja, mpaka upande wa Kalekye.

"Sasa hapa."

Pasta akaegemea. Alama ya ukucha. Akaegemea tena, kwa hasira kidogo nadhani. Ukucha.

"Hawa walifanya nini hapa?" akauliza.

"Tulicheza, Pasta," akasema Kalekye, kwa upole ambao ulinitisha.

"Walikanyaga," akasema Mzee Kilonzo. "Mengine sijui. Mimi napima udongo tu."

"Mzee," Pasta akasema, na sauti yake haikuwa ya mimbari, "wewe unaona miguu. Mimi nawajua hawa wote. Najua kila mmoja alitoka wapi na aliacha nini. Kuna mtu hapa aliacha kitu alichokipenda kuliko chakula. Nikimwambia leo rudi, kanyaga tu kidogo, nimemfanyia nini? Na wengine waliofukuzwa makwao kwa ajili ya hayo, nitawaambia walifukuzwa bure?"

Mzee akatoa kikopo cha ugoro, akakirudisha mfukoni bila kukifungua. Mimi hadi leo sina jibu lake zuri, na nimekuwa shemasi. Aliyejibu ni Mama.

"Pasta, mimi sikuiacha ngoma ili watu wakose maji."

Pasta alishuka ukutani. Akachukua kiatu chake, akaenda kuketi peke yake kwenye jiwe mbali kidogo, akakisugua kwa jani muda mrefu kuliko kiatu kilivyohitaji. Tulingoja. Aliporudi alikuwa na sheria. Watakanyaga. Wimbo utakuwa wa kitabuni. Filimbi hakuna, ngoma hakuna. Na mabega yatulie.

"Miguu ni ya silanga," akasema. "Mabega ni ya Bwana."

Ikabaki shida moja. Wiki zilikuwa zimebaki chache, upande wote wa mashariki ulipaswa kufumuliwa na kujengwa upya, na mama wa kanisa hawakutosha. Halafu pale katikati, kwenye fundo langu jekundu, pande mbili hazikuwa zimeshikana hata kidogo. Pale palihitaji watu wote. Tukamtazama Kalekye, ambaye alikuwa akitazama kucha zake.

"Sisi hatujui nyimbo zenu," akasema.

"Unazijua," Mama akamjibu. "Umezisikia miezi miwili."

"Nazijua basi. Lakini zinaenda pole. Mtu anaweza kulala katikati ya mstari na mstari, Mbithe."

"Rebeka."

"Rebeka. Mtu anaweza kulala, aote, aamke, bado mko hapo."

"Basi weka mwendo wewe. Mimi nitaweka maneno."

Ndivyo ilivyokuwa. Tulifumua, tukamwaga tabaka la kwanza, tukanyunyizia maji, na akina mama wote wakapanda juu, vitambaa vya kanisa na shanga pamoja. Kalekye akapiga makofi kuweka mwendo. Mama akaanzisha wimbo ambao nilikuwa nimeuimba kwaya tangu utoto, na sikuutambua mpaka ubeti wa pili. Ulikuwa umeamka. Miguu ikashuka, nikausikia ukuta tumboni mwangu nikiwa nimesimama mbali. Mabega yalitulia. Mama wa kanisa walikuwa wameyabana mpaka masikioni, na mama wa mwethya nao waliyabana kwa heshima, ingawa wawili watatu nilidhani watapasuka.

Siku ya tatu tulifika kwenye fundo. Mahali pale palikuwa pembamba, safu mbili zikaja zikielekeana, Mama mbele ya safu moja na Kalekye mbele ya nyingine, uso kwa uso. Nilikuwa karibu na kamba yangu mkononi. Kalekye akaongeza mwendo. Mama akamfuata. Wakaja, wakarudi, wakaja. Na hapo, wenzangu, mara ya kwanza na ya mwisho maishani mwangu, niliyaona mabega ya mama yangu. Hayakuruka. Yalitetemeka tu, madogo madogo, kama ngozi ya ng'ombe inapofukuza nzi, kuanzia moja kwenda la pili na kurudi, na uso wake ulikuwa umetulia kabisa, ukiimba habari za mbinguni. Machozi yalinitoka na sikujua ni ya nini. Nilijua tu kwamba kuna kitu kizuri kilikuwa kimefungiwa ndani ya nyumba yetu miaka yote, nami nilikuwa nikila hapo hapo.

Kisha nikakumbuka Pasta. Alikuwa amesimama hatua kumi kutoka kwetu. Nikageuka taratibu kumtazama. Alikuwa ametupa mgongo. Mikono nyuma, kichwa juu, anatazama angani upande wa vilima.

"Pasta?" nikamwita.

"Naangalia mawingu," akasema bila kugeuka. "Tusije tukanyeshewa."

Akayaangalia mpaka tabaka likaisha. Nikamshukuru Mungu kwa mawingu yale, nikiona tumeponea chupuchupu.

Nilipima lile fundo kwa kisigino, na uzito wote, mbele ya Mama. Ukucha. Mvua ya Novemba ilikuja kwa fujo, ikajaza silanga mpaka kwenye mlango wa maji ya ziada, na ukuta haukutoa hata tone. Mama alichota debe lake la kwanza akarudi nyumbani chai ya asubuhi ikiwa bado moto.

Maneno hayakukosa. Wazee wa kanisa wa sehemu nyingine walisikia kwamba akina mama wa Pasta Timotheo wamecheza ngoma na watu wa dunia, wakamwita ajieleze. Kama angekosea jibu, Mama angerudishwa benchi la nyuma bila Meza ya Bwana, na yeye mwenyewe sijui angepelekwa wapi. Nilimsindikiza. Wakamwuliza kama alikuwapo. Akasema alikuwapo siku zote. Wakamwuliza kama alimwona mtu yeyote akicheza.

"Sikumwona mtu," akasema, na ilikuwa kweli.

Baada ya hapo nilijenga masilanga mengi, mengine makubwa kuliko hilo. Mengine mbuzi waliyabomoa, Mzee Kilonzo apumzike kwa amani, alisema ukweli juu ya mbuzi. Jifunzeni kuuliza kabla ya kupima kamba: hapa nani haimbi na nani? Swali hilo halimo kwenye fomu zetu, na ndilo limebomoa kuta nyingi kuliko mvua. Sikugawa ukuta tena.

Kanisani nako mambo yalienda yakibadilika. Vijana wakaleta gitaa, kisha kinanda cha umeme, na leo kwaya yetu inacheza mbele ya madhabahu kwa mabega, magoti na vitu vingine nisivyovijua majina. Wazee tunanung'unika, ndiyo kazi yetu sasa. Pasta Timotheo alipostaafu alikuwa akiketi benchi la mbele kabisa, na kwaya ikianza kucheza aliinua macho akayatazama mabati ya paa kwa makini sana. Nilidhani anatafuta mahali panapovuja. Tulimzika mwaka jana.

Mwezi uliopita, nilipokuwa nikitoa vitu vyangu ofisini, nikapata kitabu changu cha kila siku cha silanga la Kalamba. Mnajua sheria: kabla ya kuandika kazi, unaandika hali ya anga, asubuhi na alasiri. Nikafungua nitafute siku ya lile fundo. Hati ilikuwa yangu, ya kijana mwenye haraka. Asubuhi: "Anga safi." Alasiri: "Anga safi kabisa. Hakuna wingu hata moja."

Nilisimama pale na kile kitabu mpaka mmoja wenu akaniuliza kama ninaumwa.

Nilikipeleka kwa Mama. Alikuwa barazani anachagua mbaazi, macho yake sasa ni vidole. Nikamsomea. Hakushangaa. Aliendelea na mbaazi.

"Wewe ndiye uliyekuwa na kamba na pima maji," akasema. "Sisi wengine wote tulijua siku ile ile."

"Na hamkusema?"

"Tuseme nini? Mtu amekupa mgongo wake, unamwambia nini?" Akatupa jiwe dogo nje. Mabega yake, chini ya sweta, yalikuwa membamba kama ya mtoto. Halafu akasema, "Hicho kitabu unawaachia wale vijana?"

"Ndiyo, Mama."

"Na Timotheo hayupo kujitetea. Chukua kalamu. Andika kulikuwa na mawingu."

Nikaandika. Mtakikuta kitabu rafu ya chini, na ukurasa huo una wino wa rangi mbili. Msiurekebishe.